Duvi Mdogo na Cheo Kisicho na Kazi

Nitweke tanga la hadithi, wajukuu zangu?

Tweka, Bibi.

Nishushe?

Bado.

Bismillahi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mwezi ishirini na mbili Shaabani, saa tatu kasorobo asubuhi, maji yameanza kupwa, ndipo mambo yalipogeuka katika Hori la Chuchuni, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Saa ile Duvi Mzee, Mkuu wa Kikosi cha Hori, alivuta pumzi yake ya mwisho. Alikuwa mkuu mwema. Hakuwahi kula posho ya mtu.

Hadithi hii ni ya babu yenu Bwanakombo. Yeye aliisimulia mbio mbio, na alicheka kabla yenu. Mimi nitakwenda polepole. Mnistahimilie.

Duvi mnamjua. Ni yule kaa asiye na nyumba yake mwenyewe. Huokota kome tupu, nyumba iliyoachwa na konokono wa baharini, akaingia kinyumenyume, mkia kwanza, akatembea nayo mgongoni. Akikua, kome humbana, na lazima apate kubwa zaidi. Asipopata, atafinyika mle ndani mpaka afe. Na akitoka uchi, kunguru yuko juu anamtazama.

Basi maduvi wa Chuchuni walikuwa kikosi cha kulinda hori. Walikaa juu ya tishali bovu, chombo kipana cha kupakulia shehena, lililokwama matopeni. Maji yakijaa, waliwapigia mbiu viumbe wadogo wapande juu. Maji yakipwa, waliwashusha wakale. Na cheo chao kilikuwa kome. Mwenye kome kubwa kuliko zote ndiye Mkuu. Wa pili Nahodha. Wa tatu Serahangi, msimamizi wa mabaharia. Wa nne Msukani. Kisha mabaharia wenyewe, na wa mwisho kabisa Duvi Mdogo, kome yake kama kifungo cha kanzu.

Desturi yao ilikuwa moja. Mkuu akifariki, wakishamzika, hujipanga mstari mchangani, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Nahodha hutoka katika kome yake, chopo, akaingia katika kome ya Mkuu, tumbwi. Serahangi hutoka katika yake, chopo, akaingia katika ya Nahodha, tumbwi. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kome moja ikiwa wazi juu, kikosi kizima hupumua.

Siku hiyo nayo wakazika, wakajipanga. Nahodha hajatoa hata mguu, wakasikia kwaru, kwaru, kwaru. Kenge huyo, tumbo linaburuzika mchangani, ulimi unatoka unaingia.

"Poleni kwa msiba," akasema Kenge, akaikalia kome ya Mkuu.

"Tumeshapoa," akasema Nahodha. "Tuwie radhi, bwana, umekalia cheo."

"Najua nilichokalia. Kuanzia leo vyeo vimepangwa upya."

"Vimepangwa na nani?"

"Na mimi."

"Mkuu ni nani?"

"Mimi."

"Nahodha?"

"Mimi."

"Serahangi?"

"Mimi."

"Msukani?"

"Umechelewa kuuliza. Mimi."

"Na sisi?"

"Nyinyi nyote ni mabaharia. Mtapanda mkistahili."

"Tutastahili lini?"

"Nikitangaza."

Na posho iligawanywa kwa cheo. Fungu la Mkuu likaenda kwa Kenge. Fungu la Nahodha likaenda kwa Kenge. La Serahangi, la Msukani, yote tumboni, mnya mnya mnya. Mabaharia wakaachiwa mikia ya dagaa.

Lakini dagaa haikuwa shida ya Duvi Mdogo. Shida yake ilikuwa kome. Alikuwa amekua tangu masika, na zamu yake ya kuhama ilikuwa siku ile ile. Akamwendea Nahodha wa zamani, akilia kidogo kidogo.

"Mjomba, inanibana. Pumzi haishuki."

"Vumilia, mwanangu."

"Kuvumilia nimevumilia, mjomba. Mwili ndio umekataa."

"Jumapili tutamwomba kwa adabu."

"Jumapili utamwombea maiti."

Duvi Mdogo akafikiri. Kisha akajifuta macho kwa gando, akapanda tishali, alikokwishahamia Kenge na ile kome ya Mkuu, akasimama wima mbele yake, akapiga saluti.

"Afande, maji yanakupwa."

"Yapwe."

"Nauliza tu, afande. Mlinzi wa omo ni nani, yule anayesimama mbele kabisa ya chombo?"

"Mimi."

"Mbona omo hakuna mtu?"

Kenge akatazama mbele. Kweli, hakuna mtu. Akakimbia omo, kome ya Mkuu kwapani, kap, kap, kap.

"Ahsante, afande. Na Msukani ni nani, yule wa tezi, kule nyuma?"

"Mimi."

"Mbona tezi hakuna mtu?"

Kenge akakimbia tezi, kap, kap, kap.

"Ahsante, afande. Sasa Nahodha anataka taarifa kutoka kwa mlinzi wa omo."

"Nahodha ni mimi."

"Ndiyo, afande. Na mlinzi ni wewe. Nenda omo ujiripoti, kisha urudi tezi ujisikilize."

Kap, kap, kap, mbele. Kap, kap, kap, nyuma.

"Umepiga saluti?"

"Kwa nani?"

"Mlinzi humpigia Nahodha. Nahodha humwitikia. Hizo ni saluti mbili, afande, na zote zako."

Kenge akajipigia saluti, akajiitikia. Mabaharia wakaingiza vichwa ndani ya kome zao wacheke kwa nafasi. Tishali zima likawa linatetemeka.

"Sasa afande, Serahangi amtie adabu baharia aliyelala."

"Nani amelala?"

"Bado hatujui. Zunguka utafute."

Kap, kap, kap, mbele. Kap, kap, kap, nyuma. Mpaka adhuhuri Kenge alikuwa amejilaza ubavu, ulimi nje, mapanda yake mawili yanaanikwa juani kama chupi.

Bibi, umesema chupi.

Nimesema. Babu yenu alikuwa akisema hivyo hivyo. Nyamazeni.

Kenge akasema kwa sauti ya chini, "Wee kidudu. Katika kikosi chenu hakuna cheo cha kupumzika? Chenye posho, kisicho na kazi?"

Duvi Mdogo akatazama kando. "Kipo, afande. Lakini naogopa kukitaja."

"Kitaje."

"Ni kikubwa mno."

"Hakuna kikubwa kwangu."

"Ni Mkuu wa Wakuu. Huyo hasimami omo, hasimami tezi. Kazi yake ni kupigiwa saluti. Tangu kikosi kianze hakuna aliyekifikia, maana sisi maumbile yetu ni madogo."

"Kome yake iko wapi?"

"Ndiyo ile inayong'aa."

Akamwonyesha chupa ya kijani iliyoletwa na mawimbi, imelala juu ya tishali pale pale, jua limeipiga, inameremeta kama taa ya idi. Shingo yake ilikuwa nyembamba.

Kenge akainuka. Macho yamemtoka.

"Lakini afande," akasema Duvi Mdogo, "kwetu cheo huingiwa kinyumenyume, mkia kwanza. Na hakuna anayekalia vyeo viwili vya ukuu. Ukitaka cha juu, inuka kwenye cha chini."

"Nani ameweka sheria hiyo?"

"Si wewe umepanga upya? Sisi tunafuata tu."

Kenge akapenda maneno hayo. Akaiachia kome ya Mkuu, akaigeuzia chupa mgongo, akatia mkia. Ncha ikaingia. Akasukuma. Ukaingia zaidi. Akasukuma kwa nguvu zote za posho alizokula, fyuuu, tup. Mkia ukajaa chupani, magamba yakashika shingo ya chupa, basi tena.

"Hongera, afande," wakasema wote.

"Inabana," akasema Kenge.

"Cheo kipya hubana," akasema Duvi Mdogo. "Utakistahili pole pole."

Papo hapo Nahodha akapiga kelele, "Mstari!" Maduvi wakajipanga. Nahodha akatoka, chopo, akaingia kome ya Mkuu, tumbwi. Serahangi chopo, tumbwi. Msukani chopo, tumbwi. Chopo, tumbwi, chopo, tumbwi, mpaka kunguru akachoka kutazama, hajui aanze na nani. Mwisho kabisa Duvi Mdogo akatoka katika kile kifungo cha kanzu, akasimama uchi kwa kitambo cha kusema amina, akaingia katika kome iliyoachwa na mwenzake.

Akakaa. Akavuta pumzi. Pumzi ikashuka mpaka chini.

"Alhamdulillahi," akasema.

Kenge akaona mambo, akawarukia. Chupa ikamvuta nyuma. Kling. Akarukia upande wa pili. Kling, kling. Akateleza, akabiringika, akaangukia ngamani, kule chini ya chombo yanakokusanyika maji machafu. Wahenga walisema, tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hakufa. Anakula dagaa wake mmoja kama baharia. Kila asubuhi maduvi humchungulia, humpigia saluti zote. Na akitoka kwenda kuwinda wadogo, chupa hulia kling, kling, kling, wadogo wote hupanda juu. Kikosi hakijapata mlinzi bora kuliko yeye. Anafanya kazi usiku na mchana, na mwenyewe hajui kwamba yuko kazini.

Sasa funzo, wajukuu zangu. Mwenye cheo msimuulize maswali. Mkipewa kazi za watu wanne, fanyeni zote na mseme ahsante. Na nguo ikikubana, usitafute nyingine. Vumilia mpaka Jumapili.

Lakini Bibi, Duvi Mdogo hakuvumilia.

Mimi nimesema funzo, sikusema Duvi alifanya nini. Babu yenu aliingia kikosi cha wanamaji akiwa baharia, akatoka na mvi zake baharia, maana kila walipopanga upya vyeo walimruka. Hadithi hii aliisimulia kwa furaha kila jioni ya posho. Ngamani tutarejea sote, wa omo na wa tezi.

Nishushe?

Shusha, Bibi.

Basi inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu Bwanakombo wa Athmani. Lipanue kaburi lake lisimbane. Uliye juu ya kila mwenye cheo, mpandishe wewe. Amina.