Kadi Iliyopita Chini ya Pazia

Tegeni masikio, enyi mliohudhuria: gari ni moja, wenyewe ni watatu.

Mwanamize binti Hatibu wa Pangani alijaliwa mikono. Alikuwa na miaka kumi na sita na leseni ya kujifunzia tu, lakini babake alimfunza kuendesha tangu mguu wake ulipofikia klachi. Ami yake, Mbwana, alijaliwa ulimi. Wazee na makarani walimtii. Fundi Nyange alijaliwa masikio. Aliisikiliza injini kama tabibu asikilizavyo kifua.

Hatibu, angali hai, alimpa bintiye hiba ya gari lake bovu, Nyange akishuhudia. Kisha akafariki.

Mbwana alilipa gari jina. Mjane wa Hatibu, mamake Mwanamize, alikuwa amekaa eda, haonekani na shemeji, basi akaisukuma kadi ya gari chini ya pazia. "Iandike kwa amana, shemeji, mpaka mtoto atimize kumi na minane." "Amana, shemeji." Shahidi hakuwapo. Mbwana akalisajili kwa jina lake, akalikatia bima.

Nyange alilitia gari uhai. Injini ilikuwa imekufa. Akafunga ya kwake, aliyoitunza miaka mingi. "Chukua, mwanangu. Babako alinisitiri."

Mwanamize alilipa gari mwendo. Alasiri moja Mbwana alianguka shambani, mdomo umekwenda upande, wala hapakuwa na mtu mwingine. Sheria ilimtaka binti awe na mwenye leseni kando yake. Naye alikuwapo: ami yake, akitoka povu. Binti akashika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika ami asianguke, mpaka hospitali.

"Mngechelewa kidogo," daktari alisema, "mngekuja kuchukua maiti."

Kiungo cha kwanza kupona kwa Mbwana kilikuwa ulimi. Akaenda nao kwa kadhi.

"Huyu ameendesha bila leseni kamili, basi si rashidi, akili yake haijapevuka, na asiye rashidi hakabidhiwi mali. Tena kadi ina jina langu."

Mwanamize akasimama. "Ami, nilikuwa nimekubeba wewe!"

"Ndiyo maana mimi ndiye shahidi."

Watu wengine walicheka. Nyange hakucheka. "Kama gari si la mtoto, nirudishieni injini yangu. Nilimpa yeye, sikumpa mwizi."

"Umesikia, kadhi?" Mbwana akasema. "Shahidi wa hiba naye anadai kipande."

Kadhi akashusha pumzi. "Kumiliki si kuendesha. Mtoto anyonyaye humiliki shamba asiloweza kulilima. Lakini amana ilipita chini ya pazia, na pazia halitoi ushahidi."

Akaunyanyua ufunguo. Mikono mitatu ikanyooshwa. Mwanamize aliutazama mkono wa ami yake, ungali ukitetemeka. Ndio ule alioushika njia nzima.

Bila jina, gari lisingeruhusiwa barabarani. Bila injini, lisingeondoka. Bila binti, mdai angekuwa kaburini.

Je, nyinyi mngemkabidhi nani ufunguo? Na mtakaosema ni wa Mwanamize, fikirini kwanza: hadi atimize miaka yake, mali ya yatima huwekwa mkononi mwa walii, msimamizi wake, na walii wake, baada ya baba, ni Mbwana.