Jani la Isale Kutoka Uturuki

Kulikuwa na kijana mmoja mfanyabiashara wa nguo, kijana wa mlimani hapa hapa. Msianze kugeuka kutazamana, simsemi mtoto wa mtu. Kijana huyu alipanda nyumbani Krismasi moja kama tunavyopanda sote. Mbuzi akachinjwa, ukoo ukakusanyika, mbege ya ndizi ikamiminwa, na waliokunywa sitawataja kwa sababu nawaona wamekaa viti vya mbele.

Nyama ilipokuwa inagawanywa, kijana akaanzisha neno. Alitaka baba yake ang'oe kahawa yote ya kihambani, shamba lile la ukoo walikozikwa babu zao, wajenge nyumba za kupangisha. Baba akamjibu kwa upole, "Kahawa hii aliipanda baba yangu. Mimi nikishakufa mtaamua wenyewe."

Kijana akasimama na sahani yake mkononi. Mbele ya wajomba, mbele ya wakwe, mbele ya watoto wadogo, akasema, "Basi siku ukifa wasinipigie simu."

Mmelisikia hilo neno? Mama Aikande, wewe umeshika kifua, na ni haki yako. Yule baba aliendelea kukata nyama, ila kisu kikawa kinarudi pale pale. Kijana akaweka sahani chini, akawasha gari, akashuka mjini kabla nyama haijaisha.

Mwaka mpya ulipoingia, kwenye mwezi wa tatu, akapanda ndege kwenda Uturuki kununua mzigo. Ilikuwa safari ya wiki mbili tu. Lakini mnaukumbuka mwaka ule, mnavyokumbuka ndoo za maji kila mlango na barakoa kila kidevu. Ugonjwa ukatapakaa duniani, nchi zikafunga viwanja, ndege zikalala chini. Kijana wetu akabaki kwenye nyumba ya wageni, yeye na marobota yake ya suruali. Watu wa ndege wakimpa tarehe ya kusafiri, anafunga begi. Wakiifuta, anafungua begi. Miezi ikapita hivyo, mpaka ikafika mahali hata kulifungua akaacha, akawa anachomoa shati moja moja kwa ubavuni.

Siku moja dada yake akampigia. "Kaka, baba amelazwa. Yuko kwenye oksijeni."

"Mpe simu niongee naye!"

"Hawezi kuongea. Na hata angeweza, ungemwambia nini? Neno ulilolisema halifutwi kwa simu. Unajua kinachotakiwa."

Alijua, na ninyi mnajua. Lakini tuna wageni leo, tuna wakwe zetu kutoka Mbeya na Tanga, niwaeleze kidogo. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Ukimkosea mtu kosa zito, kosa lisilotoka kwa kusema pole, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unamwendea nalo mkononi. Na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata moyo ukimchemka namna gani, atalipokea, na neno limekwisha. Ila ni lazima mkosaji aje. Na ni lazima amkute mwenzake yu hai, kwa maana marehemu hapokei isale.

Sasa mnaona kijana alipobanwa? Baba anavuta pumzi kwa mpira wa hospitali, na mwana yuko ng'ambo, njia zote zimefungwa, na neno lake bovu linamtangulia kuzimu. Alilia, jamani. Mwanamume mwenye ndevu alilia juu ya robota la suruali.

Asubuhi moja anashuka ngazi za ile nyumba ya wageni, macho yakaangukia chungu kilichokaa mapokezini. Ndani ya chungu kuna mmea wa pambo. Amepita hapo tangu siku ya kwanza, mpaka viatu vyake vilikuwa vinakigonga, hajawahi kuutazama. Siku ile akautazama. Isale! Isale lenyewe, limeoteshwa Uturuki kama ua la sebuleni!

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyekuwa akilimwagilia. Lugha hawaelewani, wanaongea kwa mikono na kwa ile simu ya kutafsiri. Kijana akamwomba jani moja.

"La nini?" mama akauliza. "Tumbo linakuuma?"

"Nimemkosea baba yangu."

Mama yule hakujua mlima wetu uko upande gani wa dunia. Lakini baba ni baba kila mahali, na kosa ni kosa. Akaleta mkasi, akauzunguka mmea wake akitafuta jani lisilo na doa, akakata refu kuliko yote. Kijana akalifunga fundo, akalizungushia gazeti lenye maji.

Na Mungu ni mwema, ndege ikapatikana. Akamwandikia dada yake saa ya kutua, dada akajibu neno moja tu, njoo. Akaacha mzigo wote nyuma. Ninyi mnaojua wafanyabiashara wa kwetu, nawauliza, mmewahi kumwona mmoja akiacha mzigo? Huyu aliacha! Akapanda na begi moja na jani lake mapajani, kama mtu aliyebeba mayai.

Ndani ya ndege ile walikuwa watu waliokwama kila pembe, wanafunzi, mabaharia, mama mmoja aliyekuwa amekwenda kumwuguza mwanawe. Ndege ilipozunguka ili itue, mlima ukatokeza juu ya mawingu, mweupe kichwani. Yule mama akapiga kigelegele, barakoa na yote! Ndege nzima ikaitikia. Watu wakaimba, watu wakapiga makofi, mhudumu anawaambia kaeni jamani, hajakaa mtu. Tulikuwa tumezoea kurudi nyumbani, ndugu zangu, hata tukasahau kwamba kurudi ni zawadi.

Kijana naye aliimba. Lakini aliposhuka akakutana na dada mmoja mkaguzi wa mimea, amevaa glavu.

"Kaka, hicho kwenye gazeti ni nini?"

"Ni jani."

"Majani ya nje hayaingii bila kibali. Lete hapa."

"Dada yangu, hili ni isale! Si limejaa kila mpaka wa shamba huko juu?"

"Kama limejaa huko juu, utachuma huko juu," akasema yule dada, na alisema kweli, alikuwa anatimiza kazi yake. Jani lililovuka bahari likaingia kwenye pipa.

Namwona Mzee Ndetaulwa anatabasamu pale nyuma. Anasema moyoni, kuna shida gani, si atachuma njiani? Na kijana ndivyo alivyojipa moyo. Alijiambia, nitachukua gari, nitalisimamisha kwenye shamba la kwanza, nitachuma, nitafunga fundo, nitakwenda hospitali, na Mungu akipenda nitamkuta. Simu yake ilikuwa imezimika tangu safarini, kwa hiyo hakuwa na habari yoyote. Alitembea kuelekea mlangoni akipanga maneno yake, anayapanga, yanamponyoka, anayapanga upya.

Mlango ukafunguka.

Nje kulikuwa na watu wachache wamesimama mbalimbali kama walivyoagizwa. Mbele yao alikuwa mzee mmoja aliyekonda, koti limemlegea mabegani, dada yake kijana amemshika mkono. Kijana alimpita kwa macho kwanza. Akarudi. Ni baba! Baba yu hai! Baba amesimama kwa miguu yake!

Kijana akaanguka magoti pale pale kwenye saruji. "Baba, nilikuwa nalo. Wameninyang'anya ndani. Baba, nipe dakika chache tu nikatafute jingine, nisikusogelee mikono mitupu."

Mzee akasema, "Uliagiza nikifa usipigiwe simu. Sasa nimeshindwa kufa, nimeona nije mwenyewe."

Ndipo akautoa mkono wake uliokuwa nyuma ya koti. Mkononi ana jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Akamnyooshea mwanawe.

Baba mdogo wa kijana akaruka. "Kaka! Unafanya nini? Huyu ndiye aliyekutukana mbele ya ukoo! Tangu lini aliyekosewa akabeba isale?"

Yule mzee akamgeukia. "Nilipokuwa pale kitandani nilihesabu pumzi zangu nikaona hazitoshi kumsubiri. Yeye alikuwa amefungiwa njia. Mimi njia yangu ilikuwa wazi. Sasa nikae nyumbani nangoja heshima, au nije nimchukue mwanangu?" Kisha akamwambia kijana, "Pokea. Unaijua sheria."

Hapo, ndugu zangu, hapo! Sheria ya isale inasemaje? Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Ni nani sasa aliyefungwa na sheria? Ni kijana! Alikuwa amekusudia kurudi kama mgeni, ale mwisho, akae karibu na mlango, ajiadhibu mpaka azeeke. Sheria haimruhusu. Ameletewa isale na baba yake, ni lazima apokee, ni lazima ainuke, ni lazima awe mwana. Akapokea! Baba akamwinua, mlinzi anapiga kelele, "Umbali, wazee, umbali!" hakuna aliyemsikia. Dada mtu akapiga kigelegele kilichowageuza hata madereva wa teksi. Baba mdogo alinung'unika kidogo kwa ajili ya mila, kisha naye akaja, akawakumbatia wote wawili kwa mpigo.

Sasa tuongee sisi.

Sisi tumezoea kuandaa jani letu. Mtu anasema, Mchungaji, nitarudi kwa Mungu nikiacha hiki, nikitengeneza kile, nikipata cha kwenda nacho. Analitunza jani lake kwenye gazeti lenye maji. Ndugu yangu, litachukuliwa mlangoni. Wema wetu wote hauvuki pale. Na ashukuriwe Mungu kwamba hauvuki, kwa sababu tungeingia tukijisifia majani! Tuliyemkosea ni yeye, na aliyeondoka nyumbani kutufuata ni yeye. Amekuja mpaka msalabani, na mkono wake bado umenyooka. Unamkatalia kwa ruhusa ya nani? Umeletewa. Pokea, uinuke, uache kutambaa kama mtu asiye na kwao!

Na neno la pili ni kali zaidi, nalisema nikiwatazama. Humu ndani wamo waliokosewa kweli kweli. Ulitukanwa, uliachwa, ulidharauliwa mbele za watu, haki yote iko upande wako. Na umeketi sebuleni na haki yako, unangoja uletewe isale. Je, unajua mwenzako amefungiwa njia gani? Unajua una pumzi ngapi?

Krismasi inakuja. Wiki hii barabara ya mlimani itajaa magari, na ndani ya magari hayo wamo wanaotetemeka kwa sababu yako. Wengine hawatapanda kabisa, watasema kazi zimebana. Wewe unajua si kazi. Leo tukitoka hapa, kabla hujashika kikombe cha chai, mpigie mmoja. Usimkumbushe alichosema. Mwambie tu, panda nyumbani, na ukifika stendi usichukue bodaboda, nakuja kukupokea mimi mwenyewe.