Brashi Ukiishika Umeinunua

Mtaani kwetu duka la rangi lilikuwa moja tu, na mwenyewe, Bwana Mahfudhi, alikuwa na sheria yake: brashi ukiishika, umeinunua, hairudi wala haibadilishwi. Kuchagua alichagua yeye, na brashi zake zilimwaga nywele kwenye rangi mpaka milango ya watu ikaota ndevu.

Idi ilipokaribia, Mwatumu akaingia kutafuta brashi. Bwana Mahfudhi akamtolea moja kutoka kwenye ndoo.

"Hii ni nzuri?" Mwatumu akauliza, mikono ameifunga nyuma.

"Brashi zote ni sawa, mama."

"Basi nifungie. Bi Rukia atafurahi."

"Rukia yupi?"

"Mkeo. Si anataka mlango wa sebule upakwe kabla wageni wa Idi hawajafika?"

Bwana Mahfudhi akairudisha ile brashi ndooni. Akaingia stoo, akatoka na nyingine iliyofungwa kwenye karatasi. Akazivuta nywele zake, hazikung'oka. Akaikunja kiganjani, ikarudi ilivyokuwa. Akampa Mwatumu kwa bei ileile.

Jioni aliukuta mlango wake na vumbi lake, na mkewe hana habari. Akaenda mbio kwa Mwatumu. Mlango wa Mwatumu ulikuwa unang'aa kijani, hauna hata unywele mmoja, na brashi imeshaoshwa, inakauka dirishani.

"Umenidanganya," akasema. "Nirudishie brashi yangu, nikupe ile ya kwanza."

"Ningependa, Bwana Mahfudhi," Mwatumu akajibu, "lakini nimeshaishika."