Mzee Aliyepiga Magoti na Shoka Lake

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, mpenzi wa tamthilia za Kikorea. Si zile za mapenzi, la! Zile za kale, za wafalme na mawaziri wanaochongeana kasrini, zilizotiwa sauti za Kiswahili. Saa yake ikifika, hata gauni la bibi harusi lilisubiri.

Mama huyo alijisifia jambo moja: "Mimi sina unafiki. Nikiona, nasema." Na kusema alisema. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mbele ya wageni na masinia ya pilau, alimkazia macho mtoto akatamka, "Huyu hana hata ukucha wa mwanangu." Mke wa mwanawe aliinuka. Alimbeba mtoto mgongoni, akarudi kwao. Sasa ni mwezi wa tatu. Mjukuu ameanza kukaa, na bibi hajamwona.

Alasiri moja alikuwa akitazama na jirani yake. Theluji inaanguka, uwanja wa kasri umekuwa mweupe kama sanda. Juu ya ngazi, mfalme. Kulia na kushoto, askari wasiohesabika. Katikati, mzee mmoja, ofisa mdogo tu, amepiga magoti mkekani peke yake, anamshtaki waziri mkuu! Na mbele ya magoti yake ameweka shoka.

Mama akasahau kupumua. Vinyweleo vikamsimama.

"Jirani, mwone! Haogopi! Huyo ndiye mimi kabisa."

"Tulia, shoga. Msikilize kwanza."

Mzee akainama hadi paji la uso likagusa theluji. "Mfalme wangu, kama nimemsingizia mtu huyu, shoka nimelileta mwenyewe kutoka nyumbani. Nikatwe mimi."

Hata mfalme aliinuka kitini.

Jirani akauliza polepole, macho kwenye runinga, "Na wewe siku ile ya ubatizo, shoga, ulikuja na nini?"

Mama aliitazama shingo ile nyembamba, imeinama kwenye baridi. Yeye alitamka neno zito kuliko la mzee yule, kisha akaketi akala.

Kesho yake alikwenda kwa wakwe wa mwanawe, akaomba ukoo wote uitwe.

"Nilisema mbele za watu jambo nisilolijua. Nimekuja kulimeza mbele za watu. Nifanyeni mtakavyo."

"Na tukikunyima mtoto?" akauliza baba wa binti.

"Ni haki yenu."

Hawakumpa mtoto siku ile. Lakini binti mwenyewe aliingia ndani, akatoka na kigoda. "Kaa, mama."

Ndugu zangu, sisi tunajiita wasema kweli. Nami nimo, ulimi wangu mnaujua. Usicheke, wewe hapo nyuma, na wewe umo! Wiki hii, kabla hujatamka neno juu ya mke wa mtu, mtoto wa mtu, jiulize: likiwa uongo, nani ataumia? Ukiona ni yeye, na wewe utakwenda zako kula, huo si ujasiri. Funga mdomo.