Rimu Ikikua, Tairi Hukonda

Rimu ikikua, tairi hukonda. Mmemsikia mama yenu mdogo akimwambia mumewe hivyo, mkacheka, mkadhani ni maneno ya gereji yaliyopotea njia yakaingia jikoni. Hayakupotea. Gereji ndiko yalikozaliwa, ila tangu siku ile ya kwanza hayakukubali kubaki huko. Tulieni basi, msikie yalivyozaliwa.

Palikuwa na dereva wa teksi pale Mombo, chini ya milima ya Usambara, jina lake Singano. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita abiria aliye ng'ambo ya barabara kuu na abiria akageuka. Nyumbani pia sauti iliyosikika ilikuwa yake. Wageni wakija, yeye ndiye aliyeeleza habari za mpunga, ingawa mwenye shamba na jembe alikuwa mkewe. Yeye ndiye aliyesimulia ugonjwa wa mtoto wao Hoza, ingawa aliyekesha naye alikuwa mkewe. Mke huyo, Mwanjaa, alikuwa akisikiliza na kutabasamu. Hakuna aliyeona ubaya, hata Mwanjaa mwenyewe, kwa kuwa Singano alijua kusimulia.

Kisha mfereji uliopeleka maji mashambani ukaziba. Wanaume waliujadili msimu mzima. Mwanjaa akawakusanya wanawake wenzake, wakaufukua kuanzia huko maji yanakotoka, wakaweka milango ya mbao ya kugawana maji kwa zamu, na mpunga ukarudi kuwa kijani. Wakamchagua awe mwenyekiti wao. Tangu hapo kila aliyebisha hodi kwa Singano alikuwa akimwulizia Mwanjaa, na Mwanjaa akaanza kuzungumza, kama mtu aliyekuwa ameyaweka maneno ghalani miaka yote akingoja bei nzuri.

Singano alifurahi, hilo lisiwapite. Alimpenda mkewe na kumwonea fahari. Ila kwa upande wake hakupunguza hata neno moja. Ikawa mgeni akija, mume na mke wanazungumza kwa pamoja, na mgeni anageuza shingo huku na huku asijue amjibu nani.

Siku moja ukaja mwaliko. Lushoto, huko juu mlimani, kutakuwa na sherehe ya wakulima. Kila kikundi kitaeleza kazi yake, na kitakachoiridhisha kamati kitapewa mashine ya kukoboa mpunga. Wanawake wale walikuwa wakibeba mpunga wao mbali kwenda kukoboa, wakipanga foleni tangu alfajiri, na msimu mwingine mvua ikiwakuta njiani na magunia kichwani. Waliitamani mashine ile kuliko walivyotamani kitu kingine chochote.

Singano akaamua mambo mawili. La kwanza, atapanda jukwaani pamoja na mkewe, atangulize maneno machache. Aliyafanyia mazoezi kwenye kioo cha gari, na kwa kweli hayakuwa machache. La pili, gari lake dogo limfikishe mwenyekiti kwa heshima. Binamu yake wa Tanga alikuwa amempa rimu za kung'aa, zile duara za chuma zinazovalishwa matairi, kubwa kuliko zile za zamani. Akaenda kuzitafutia matairi, akachagua manene, yenye ukuta mrefu, yaani ubavu wa mpira kuanzia rimu hadi barabarani.

"Haya yataingia kweli kwenye gari lako?" muuzaji akamwuliza.

"Gari la mwenyekiti halivai viatu vyembamba," Singano akajibu.

Akayafunga mwenyewe uani kwake. Gari likainuka, likasimama kama jogoo anayetaka kuwika. Akalizungusha mtaani likiwa tupu, likaenda bila shida, majirani wakapiga vigelegele.

Asubuhi ya sherehe Mwanjaa aliketi mbele, na nyuma wakaketi wenzake watatu, mmojawao Bi Zaituni, mama mtu mzima asiyeishiwa mzaha. Katika buti wakapakia gunia la mchele wa kuonyesha. Gari likadidimia kidogo. Walipoanza kupanda mlima, kwenye kona ya kwanza, kukasikika mkwaruzo.

"Kokoto hizo," Singano akasema.

Kona iliyofuata mkwaruzo ukawa mrefu zaidi, na harufu ikaingia ndani.

"Baba Hoza," Bi Zaituni akasema, "kokoto za leo zinanuka mpira."

Wanawake wakacheka, na Singano akacheka nao. Lakini kwenye kona ya tatu usukani ulikataa kugeuka hadi mwisho. Tairi lilikuwa limebana kwenye madigadi, na gari likawa linaelekea ukingoni, ambako chini yake ni bonde tupu. Singano akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Likasimama. Akashuka, akainama kutazama. Matairi ya mbele yalikuwa yamechunika kama ndizi iliyomenywa vibaya.

Hakuna aliyemlaumu. Mwanjaa akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Mji wa Soni si mbali. Tupunguze uzito, tutembee." Wakashika njia kwa miguu, wakipanda na kuimba, na Singano akawafuata nyuma na gari polepole, akiogopa kila kona. Kutoka pale alimwona mkewe mbele ya wenzake, midomo ikicheza, akiyapitia maneno yake. Akaona aibu ambayo hakuwahi kuionja. Alitaka kumwinua, na sasa anamchelewesha.

Soni palikuwa na fundi wa matairi, Shekolowa, mwanamume mnene mwenye kicheko cha taratibu. Alilizunguka gari, akainama, akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na madigadi. Hakikupita.

"Kaka, hili tairi litazungukia wapi?"

"Rimu ni kubwa," Singano akasema, "nikaona na tairi liwe kubwa. Viendane."

"Haviendani hivyo. Hapa ndani nafasi ni ile ile waliyoiacha waliolitengeneza gari. Haikuongezeka kwa kuwa wewe umepata rimu mpya. Umekuza rimu, na tairi nalo umelikuza, vyote viwili vinataka nafasi moja. Rimu ikikua, tairi hukonda. Ndiyo dawa yake."

"Likikonda si litakuwa halina kazi tena?"

Shekolowa akacheka. Akatoa kwenye rundo lake tairi lenye ukuta mfupi, akalivalisha ile rimu kubwa. Kisha akachukua tairi la akiba la Singano, lililokuwa bado kwenye rimu yake ndogo ya zamani, akayasimamisha ubavu kwa ubavu. Yalikuwa kimo kimoja.

"Unaona? Gari halijapoteza urefu wake, na mshale wa kuonyesha mwendo hautakudanganya. Na kuhusu kazi, ikanyagayo barabara ni nini, rimu au tairi? Ing'ae itakavyo, bila tairi hilo jembamba haitoki hapa."

Bi Zaituni akamtazama Singano, akamtazama Mwanjaa, akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yakawa yanatikisika. Mwanjaa akageuka upande asionekane akicheka. Singano alisimama, mkono kiunoni, akiyatazama yale matairi mawili. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba neno lile halikuwa la gari peke yake, na hakuna aliyemwambia.

"Niyafunge?" Shekolowa akauliza. "Hayo manene ya nyuma niachie, kuna mwenye pikapu anayatafuta."

"Yafunge, ndugu yangu," Singano akasema. "Yafunge yote."

Wakapanda Lushoto gari likikata kona kimya kimya. Walipoingia uwanjani, kikundi chao kilikuwa kinaitwa. Mshereheshaji alimtambua Singano, akamkaribisha yeye kwanza atangulize neno. Miguu ya Singano ilianza kwenda yenyewe. Akaisimamisha.

"Mimi leo ni dereva," akasema. "Mwenye habari ni huyu hapa."

Mwanjaa akapanda peke yake. Akaeleza mfereji ulivyoziba, walivyofukua, milango ya mbao, zamu za maji. Mzee mmoja wa kamati akamwuliza wanamfanya nini anayeiba maji kwenye zamu ya mwenzake.

"Anapewa kipande cha mfereji akisafishe peke yake," Mwanjaa akajibu. "Na sisi tunampikia chakula kizuri siku hiyo, asije akadhani tumemchukia."

Uwanja mzima ukacheka, na mzee yule akacheka mpaka akavua miwani. Singano, chini kule, aligundua kwamba hakuwahi kulisikia jambo hilo. Lilikuwa likifanyika hatua chache tu kutoka kwake, na hakuwahi kunyamaza vya kutosha likamfikia. Akasikiliza hadi mwisho, na wakati wa kupiga makofi, hakuna aliyemshinda.

Mashine wakapewa wao. Wanawake walikumbatiana, wakaangua kilio cha furaha, wakacheza papo hapo mbele ya kamati.

Kushuka mlima, Bi Zaituni akaanzisha wimbo aliouvumbua humo humo garini. Yeye akitoa, "Rimu ikikua," nao wakiitikia. Kwanza waliitikia wanawake peke yao, kwa kumwonea haya mwenye gari. Halafu sauti ya Singano ikaingia, ile ile iliyozoea kuanzisha kila kitu, na safari hii ikashika kiitikio, na kiitikio kikapata nguvu ambayo hakikuwa nayo. Watu waliokuwa wakipalilia mashamba kando ya barabara wakainua vichwa, na huko chini Mombo wimbo ukapokewa, ukaimbwa mashambani, ukaingia majumbani, hata umetufikia sisi:

Rimu ikikua, tairi hukonda.