Ufunguo wa Nyumba ya Bi Mwanahawa

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja aje na akili yake mwenyewe, maana atakayeazima ya jirani leo hatafaidi kitu.

Katika mji mmoja wa mawe huko pwani, jina lake liachwe kwa kuwa wenyewe wangali hai, Bi Mwanahawa alizaa watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na chake. Somoe, wa kwanza, alijaliwa uso. Si uzuri wa uso, ingawa hakuwa mbaya. Alijaliwa uso usiotoa habari. Ungeweza kumtukana asubuhi, mchana akakupakulia chakula, na usijue kama tusi limeingia au limepita. Msellem, wa kati, alijaliwa mikono. Akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole alijua kama ni mzima au mgonjwa, kama mnunuzi ajuavyo nazi iliyojaa na iliyo tupu. Tima, kitinda mimba, alijaliwa sikio na ulimi. Neno likiingia sikioni mwake halikupotea, na alipolitoa alilitoa lilivyoingia, bila kuongeza wala kupunguza. Ndugu zake walikuwa wakimwogopa kidogo kwa hilo.

Baba yao alipofariki, mama yao aliingia eda katika nyumba ile ile aliyoolewa, nyumba ya mawe na chokaa iliyojengwa na babu wa babu yao. Eda haijaisha, akaja Ami Feruzi, ndugu mdogo wa marehemu, pamoja na mashahidi wawili. Mashahidi wakaapa kwamba marehemu alimwuzia nduguye nyumba hiyo katika uhai wake. Wazee wa mtaa wakatazamana, lakini kiapo kimeshaapwa.

Bi Mwanahawa hakubishana. Aliomba jambo moja tu.

"Shemeji, niache nimalize eda yangu. Unajua mjane hatoki nje."

"Utaimalizia huko utakakokwenda," akasema Ami Feruzi.

Akatolewa mchana, saa ya watu kurudi sokoni. Godoro lake na sufuria zake zilirundikwa barazani, naye akakaa katikati yake na nguo zake za eda, mtaa mzima ukimtazama. Tangu siku ile hakupita tena mtaa wa nyumba yake, mpaka akafia katika chumba cha kupanga, chini ya bati.

Arobaini ya mama yao ilipokwisha, wale watatu walikaa wenyewe.

"Tumsomee Halbadiri," akasema Tima. "Apinde mdomo."

"Mimi namvunja mguu," akasema Msellem.

"Mguu utaunga," akasema Somoe. "Na Mungu tusimsumbue kwa kazi tunayoiweza wenyewe. Ami anataka nini? Anataka kile kiwanja, ajenge gesti ya ghorofa. Basi atakikosa, na atakikosa mbele ya watu."

Sasa ni lazima mjue sheria ya mji ule. Nyumba za kale za mawe zinalindwa. Mwenye nyumba ya namna hiyo haruhusiwi kuibomoa, hata kama hati ni yake na ufunguo ni wake. Lakini ikianguka yenyewe, kwa kudura ya Mungu, anaweza kujenga apendavyo. Na ikithibitika kwamba aliiangusha yeye, kwa nyundo au kwa hila, nyumba inatoka mkononi mwake. Ami Feruzi aliijua sheria hiyo, na kwa kuwa aliijua, hakugusa nyundo.

Somoe ndiye aliyeanza. Alikwenda kwa ami yake akamwamkia shikamoo, akaushika mkono wake akaubusu. Akamsuka nywele mke wake. Akawapikia, akawafulia, akawa mtu wa nyumbani. Wanawake wa mtaa walipopata habari hawakumwita tena harusini. Akiketi mkekani, wao huinuka. "Huyo anakula sinia moja na aliyemtoa mamake eda," walisema, na walisema kwa sauti ili asikie. Shoga yake wa utotoni alimtemea mate mlangoni. Somoe aliyafuta, akaenda zake kupika. Miaka ikapita hivyo. Hata siku moja, Ami Feruzi ameshiba, amenyoosha miguu, akamwambia mkewe:

"Nyumba ya mawe huiui kwa nyundo, mama watoto. Unaiua kwa maji. Ziba mlizamu, ule mfereji wa maji ya darini, mvua ikose pa kutokea. Halafu ipige saruji ukutani, maji yakose pa kukaukia. Watu wanakusifu unaitengeneza, nayo inakufa kwa ndani." Akacheka. "Somoe, mwanangu, nimiminie maji ninawe."

Somoe akamshikia birika. Maji hayakumwagika hata tone.

Msellem akafuata. Dada yake alipomwambia, alikwenda akasimama mbele ya nyumba ya baba yao. Ukuta wa nje ulikuwa umeshapigwa saruji na kupakwa rangi nyeupe, na wapita njia walikuwa wakisema Feruzi si mbaya hivyo, anaitunza nyumba ya wazee. Msellem akagonga kwa kidole. Sauti ilirudi nzito, yenye maji. Chokaa hupumua, saruji huziba; ukuta ulikuwa umeanza kuoza kama kidonda kilichofungwa kabla ya kusafishwa. Akaenda kwa ami yake.

"Shikamoo ami. Nina njaa. Nipe kazi."

Ami Feruzi alifurahi mpaka akasimama. "Mtoto wa marehemu anipigie lipu kwa mikono yake! Sasa nani atasema kitu?"

Msellem akapiga saruji sebule na vyumba vya mbele, akijua anachokifanya, kwa kuwa kama nyumba isingeanguka, kusingekuwa na kosa, na ami angeendelea kungoja. Lakini chumba cha ndani kabisa, wenyewe wakikiita nyumba ya kati, walikooshewa maiti wote wa ukoo, hakukigusa kwa saruji. Ami Feruzi hakupenda kuingia humo. Msellem akakipiga chokaa kama ilivyokuwa ikipigwa zamani, akaziegemeza boriti zake kwa magogo, na pembe ya dari iliyo juu yake akaiinamisha ili maji yaelekee mbele. Masika ilipokaza, upande wa mbele ukaporomoka mchana, naye alikuwa ndani ya nyumba ya kati akilikaza gogo la mwisho. Boriti moja ilimdondokea mkono wa kulia. Uliunga vibaya. Haushiki mwiko tena, na ukigonga ukuta hausikii kitu.

Ikabaki kazi ya Tima. Ukuta umeanguka, lakini nani ataapa kwamba haukujiangukia? Tima alikuwa ameposwa na Shebwana, kijana msimamizi wa kazi za Ami Feruzi. Alimpenda, msifikiri hakumpenda. Wakati wa kupanga harusi Tima akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za kazi, ni nani aliyepanda darini kuziba mlizamu. Shebwana, ambaye hakuwa na siri kwa mchumba wake, akamwambia: mimi, kwa magunia na udongo, na ami yako alikuwa amesimama chini ananielekeza. Tima akalihifadhi neno hilo. Kwa muda mrefu alikuwa akihudhuria vikao vya wazi vya kamati ya Mji wa Kale, inayoamua mambo ya nyumba hizo, akikaa nyuma, na kila kifungu kilichosomwa kilibaki kichwani mwake.

Siku ya kikao Ami Feruzi alikuja na kanzu mpya.

"Nyumba imejiangukia, Bi Mwenyekiti," akasema. "Niliitunza, mtaa ni shahidi. Lakini kudura haina mlango. Naomba ruhusa ya kujenga."

Mwenyekiti alikuwa Bi Zaitun, mwanamke wa maneno machache. Akauliza kama kuna mwenye neno. Tima akasimama. Akakisema kifungu cha sheria, neno kwa neno. Kisha akayasema maneno ya Shebwana, neno kwa neno, hata pale aliposita na pale alipocheka. Shebwana alikuwa ukumbini. Akaulizwa, na hakuweza kukana, kwa maana aliyasikia maneno yake mwenyewe. Alipotoka alipita mbele ya Tima.

"Ungeniomba ningekuja mwenyewe kusema," akamwambia. Posa ikavunjika palepale.

Msellem akawaongoza wanakamati mpaka kwenye nyumba. "Mvua ni moja," akasema. "Mawe ni ya mwaka mmoja. Kulikopigwa saruji na kujazwa maji kumeanguka. Huku, gongeni wenyewe." Wakagonga. Nyumba ya kati ilikuwa kavu.

Mwisho akaitwa Somoe. Alipoingia, Ami Feruzi akapumua. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Amekula kwangu miaka. Mwulizeni."

"Nimekula, ami," akasema Somoe. "Na nimesikia."

Akasema aliyoyasikia siku ya birika. Mke wa Feruzi akafunika uso kwa kanga.

Hukumu ya kamati ilikuwa hivi. Nyumba imetoka mkononi mwa Feruzi. Ataijenga upya kwa gharama yake, kwa mawe, chokaa na boriti, kama ilivyokuwa. Mtu mmoja atakabidhiwa ufunguo. Huyo ndiye atakayeikubali kazi au kuikataa. Ukuta atakaoukataa utabomolewa ujengwe tena. Na kazi ikiisha, nyumba itabaki kwa huyo mwenye ufunguo.

"Mmoja," akasema Bi Zaitun, akauweka ufunguo mezani. "Sheria haitaji ndugu watatu. Semeni."

"Ni wangu," akasema Somoe. "Mimi ndiye niliyembusu mkono. Sina shoga, sina jirani, sina mtu wa kunizika. Kila ukuta atakaoujenga nitaukataa. Akiujenga tena nitaukataa tena. Mpaka auze nyumba anayolala, mpaka na yeye atolewe barazani na godoro lake."

"Dada," akasema Msellem, "mawe yale ya matumbawe hayabomolewi mara kwa mara. Yanasagika. Utamwua ami na nyumba utaiua pamoja naye."

"Mama naye alisagika. Nani alimhurumia? Na wewe usinifundishe huruma ya nyumba. Mkono uliopiga saruji ni wako."

"Uliniagiza wewe."

"Nilikuagiza uizuie isife. Hukuniambia utaua nusu."

Msellem akauinua mkono wake uliopinda. "Basi na huu niseme nini? Nipeni mimi. Fedha zake sizitaki. Namtaka mwenyewe, akanyage chokaa kwa miguu yake, abebe mawe kichwani mwake, na mimi nimekaa kwenye kiti nikimwonyesha pa kuweka jiwe. Nyumba itasimama, na mtaa utampita ukimtazama."

Ikawa zamu ya Tima. Bi Zaitun akamwuliza, "Na wewe, mdogo?"

"Mimi sitamkatalia ukuta hata mmoja," akasema Tima. "Ajenge vizuri, amalize haraka. Siku atakapomaliza nitafunga mlango, na hatavuka kizingiti tena, kwa harusi wala kwa msiba. Na akifa hataoshwa nyumba ya kati, walikooshwa baba yake na babu yake. Ataoshwa kwingine, kama mgeni aliyekufa njiani."

Somoe alimgeukia mdogo wake kama mtu asiyemjua.

"Umemuuza mwanamume aliyekupenda," akamwambia polepole, "na bado una mengine?"

"Wewe uliuza heshima yako, dada. Tumeuza sote."

Hapo Ami Feruzi akainuka. Kanzu yake ilikuwa imelowa mgongoni. Hakuwatazama Msellem wala Tima.

"Bi Mwenyekiti," akasema, "nina haki ya neno moja? Mpeni Somoe. Anikatalie kuta mpaka nibaki na shuka. Ataniangamiza, lakini ni mtoto niliyekula chakula chake. Siku nitakapokufa atafungua mlango. Huyu mdogo hatafungua."

Somoe akamtazama ami yake. Lile alilolitaka miaka yote, sasa alikuwa akiombewa na adui yake, na alipolisikia kinywani mwake lilipoteza ladha. Kuukataa ufunguo ni kuitupa miaka yake yote. Kuupokea ni kumpa Feruzi alichokiomba. Na nyumba, ambayo sheria iliwekwa kwa ajili yake, haikuulizwa na mtu yeyote.

Bi Zaitun hakuwa mtu wa haraka. Aliwaambia waende wakaswali adhuhuri, wakirudi atataja jina. Wale watatu walitoka kila mmoja kwa mlango wake.

Haya, wasikilizaji. Pasipo uso wa Somoe, siri isingejulikana. Pasipo mikono ya Msellem, kusingebaki ukuta wa kusema kweli. Pasipo sikio na ulimi wa Tima, kweli hiyo isingesimama mbele ya sheria. Mmoja hana jina, mmoja hana mkono, mmoja hana mchumba. Wa kwanza atamfilisi mkosaji, hata nyumba ikisagika. Wa pili atamfedhehesha, na nyumba itapona. Wa tatu atampa nyumba kila haki yake, na maiti hatampa chochote.

Adhuhuri imekwisha, watu wanarudi, ufunguo uko mezani. Ungekuwa wewe umekaa kiti cha Bi Zaitun, ungetaja jina la nani?