Sultani Aliyedai Pumzi ya Mawe

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walidhani hata moto ni mtumishi wao, alikuwapo Sultani Shekue wa Tundwe, bahili wa kupindukia. Basi akataka chokaa ya kupaka jumba lake, akampa fundi Mwinyimvua frasila mia za matumbawe akayachome. Fundi akapanga magogo, akaweka mawe juu, akachoma mpaka yakaiva, akaleta chokaa kavu isiyotiwa maji. Ikapimwa, ikawa frasila hamsini na sita.

"Mwizi mkubwa we!" akanguruma Sultani. "Jiwe ni langu, na kila kitokacho ndani yake ni changu. Arobaini na nne zilizopungua nizipate Ijumaa, ama sivyo mkono wako utakatwa."

Fundi akatoka analia, maana mkono huo ndio uliolisha wanawe. Njiani akakutana na Pandu, fukara asiye na kanzu ya pili, ila ulimi anao. Pandu aliposikia habari akacheka mpaka akakaa chini. Loo, mtu acheke na mwenziwe yu karibu kukatwa mkono!

"Hukuiba, ndugu yangu," akasema. "Jiwe likiungua hutoa pumzi, nayo hupaa. Twende tumpe bwana haki yake."

Ijumaa alfajiri wakajenga tanuri chini ya madirisha ya jumba, palipovuma upepo kuelekea ndani. Pandu akaomba frasila hamsini za mawe, akamwambia waziri, "Chokaa itatoka ishirini na nane. Ishirini na mbili zitapanda kwa bwana mwenyewe."

Moto ukawaka kutwa. Jumba likajaa moshi, mabibi wakakimbilia uani, waziri akajifunika kilemba usoni. Sultani, kwa uchoyo, hakubanduka kitini, asije akaibiwa. Jioni askari wake wakapima chokaa, na kweli, ishirini na nane.

"Na zilizobaki ziko wapi?" akauliza Sultani, macho yamemwiva, kifua kinakorota.

Pandu akainama kwa adabu. "Umezivuta zote, ewe bwana wetu. Hakuna aliyekupunja hata pumzi moja. Lakini hizo ni ishirini na mbili tu, nusu ya ulizodai. Tuwashe tanuri la pili?"

"Nimepokea!" akapiga kelele Sultani, akikohoa na kucheka pamoja. "Wallahi nimepokea zote! Mwacheni fundi na mkono wake, na huyu mpeni kanzu, aondoke kabla hajanilipa tena!"